Kahawa ya Buha: Mambo Yanayoongeza na Yanayopunguza Mavuno

Somo kwa wakulima, walimu na viongozi wa vijiji vya Kasulu na Kibondo

Wasomaji wetu, tumekusudia katika somo hili kueleza jambo linaloulizwa sana na wakulima wa nchi ya juu ya Buha: kwa nini mti mmoja wa kahawa hujaza kikapu, na mti wa jirani, katika mvua ile ile, hautoi hata konzi mbili? Tunapotaja Kasulu na Kibondo twataja pia Buhigwe na Kakonko, ambazo zilikuwa ndani ya wilaya hizo mpaka mwaka 2012; maana kahawa haijui mipaka ya wilaya, na milima hiyo ni nchi moja.

Jambo hili si dogo. Zamani za utawala wa Waingereza vijana wengi wa Kiha waliandikwa kazi ya mkonge katika mashamba ya Tanga na mahali pengine pa mbali, wakaitwa manamba. Waliondoka kutafuta fedha za kodi na nguo, na wengine hawakurudi. Zao la biashara linalostawi mlangoni pa nyumba ndilo linalomwezesha mtu kupata fedha asiiache jamaa yake. Katika milima hii kahawa ni zao la namna hiyo. Lakini ikiwa shamba halitoi kitu, baba hushindwa kulipa mahitaji ya shule, na kijana hufunga mzigo wake kama babu yake alivyofunga. Kwa hiyo habari ya mavuno ya kahawa ni habari ya nyumba zetu.

HESABU YA MTI MMOJA

Watu wengi huulizana, “Wewe una miti mingapi?” Ni swali jema, ila halitoshi. Swali lililo bora ni hili: “Mti wako mmoja watoa nini?”

Katika Tanzania mkulima mdogo wa kahawa huvuna kwa wastani kilo 250 mpaka 300 za kahawa safi katika hekta moja. Ikiwa miti imepandwa futi 9 kwa futi 9, kama ilivyokuwa desturi, ekari moja huwa na miti karibu 540, na hekta moja miti karibu 1,330. Gawanya, nawe utaona kwamba kila mti hutoa robo kilo tu, au pungufu. Tena, kwa kuwa kilo 6 hivi za matunda mekundu hutoa kilo 1 ya kahawa safi, robo kilo hiyo ni sawa na kilo moja na nusu ya matunda. Lakini mashamba yaliyotunzwa vema huweza kutoa kilo 1,000 za kahawa safi katika hekta, na zaidi.

Tuchukue mfano. Mtu ana miti 300, na kila mmoja hutoa robo kilo. Atapata kilo 75. Akiona fedha hazitoshi, hufyeka msitu, hupanda miti 300 mingine, hungoja miaka mitatu, na mwisho hupata kilo 150, huku palizi na jasho vimekuwa maradufu. Mwenzake ana miti 300 vile vile, lakini huitunza mpaka kila mmoja ukatoa nusu kilo. Naye atapata kilo 150, wala hakufyeka hata mti mmoja wa msitu. Basi, ukubwa wa shamba si ukubwa wa mavuno. Kabla hujaongeza miti, ijue kwanza ile uliyo nayo.

MTUMBWI NA UBAVU WAKE

Yapo mambo mengi yanayotawala mavuno: mwinuko wa nchi, mvua, udongo, ukataji, magugu, magonjwa, wadudu, nyuki, mbegu na kuchuma. Tutayaeleza moja moja. Lakini kwanza yafaa kushika kanuni inayoyafunga yote pamoja.

Utazame mtumbwi ulioelea katika mto Malagarasi. Ubavu wake ukiwa mrefu pande zote, lakini mahali pamoja umevunjika, maji huingia hapo. Hata ukiziongeza mbao za pande nyingine zikawa ndefu kama nini, maji yataingia pale pale palipovunjika. Mti wa kahawa ni vivyo hivyo. Ukiupa mbolea nyingi nao wakosa maji, mbolea haiutii nguvu. Ukiupa maji na mbolea nao umejaa machipukizi yasiyokatwa, hutapata matunda ila majani. Ukiyafanya hayo yote, kisha ugonjwa ukaingia, taabu yako yapotea katika wiki chache. Mavuno hayafuati jambo lililo jema kupita mengine. Hufuata lile lililo duni kupita yote. Kazi ya mkulima mwenye akili ni kuutafuta ubavu mfupi wa shamba lake.

1. MWINUKO NA MAHALI PA KUPANDA

Kahawa yetu ni ya namna ya arabika. Hupenda nchi ya baridi kiasi, yenye joto la nyuzi 18 mpaka 24 hivi. Nchi ya Heru Juu na Manyovu, iliyo na mwinuko wa meta 1,500 mpaka 1,700 na mvua ya milimita 1,000 mpaka 1,600 kwa mwaka, yaifaa sana. Huko tunda huiva polepole, na punje huwa ngumu na nzito. Ukishuka kuelekea bonde la Malagarasi joto huzidi, matunda huiva kwa haraka, na mti huchoka mapema.

Lakini hata katika nchi njema yapo mahali pabaya. Mizizi ya kahawa hushuka chini meta moja na nusu na zaidi, kutafuta maji wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kabla ya kupanda chimba shimo la kina hicho. Ukikuta mwamba au maji yanayotuama, pande mahindi au maharage hapo, kahawa uipeleke kwingine. Kazi ya shimo moja ni ya asubuhi moja. Kosa la kupanda mahali pabaya ni la miaka thelathini.

2. MVUA NA UA

Katika Buha mvua ni ya majira mamoja. Huanza Oktoba au Novemba, huendelea hata Aprili au Mei, kisha huja kiangazi cha miezi minne hivi. Wengi hukilaumu kiangazi hicho, lakini kahawa yakihitaji kwa kiasi. Macho ya maua hufanyika katika vitawi, kisha hulala wakati wa ukavu. Mvua ya kwanza iliyo kubwa ikilowesha ardhi, macho huamka, na baada ya siku 8 mpaka 10 shamba lote huwa jeupe kama lililomwagiwa unga, harufu yake nzuri ikienea njiani. Maua hayo hudumu siku mbili tatu tu. Kisha tunda hukua kwa muda wa miezi 7 mpaka 9. Ndiyo sababu ua la Oktoba huwa tunda jekundu katikati ya mwaka unaofuata.

Mvua ikija kwa kidogo kidogo, maua hutoka kwa mafungu, na matunda nayo huiva kwa mafungu, hata mkulima hulazimika kuchuma mara nyingi. Na kiangazi kikizidi, mti hudondosha majani, na vitawi hukauka kabla ya kuchanua. Mwanadamu hawezi kuiamuru mvua, lakini aweza kuyaweka maji yaliyonyesha yasikimbie. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni matandazo. Mvua zinapokaribia kwisha, funika ardhi chini ya miti kwa nyasi kavu, majani ya migomba au mabua, unene wa sentimeta 10 hivi, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze. Ardhi iliyofunikwa haichomwi na jua, na nyasi zikioza huwa mbolea. Lakini jihadhari na moto. Kiangazi ndicho wakati wa moto wa nyika, na shamba lenye matandazo huwaka upesi. Limia njia pana kuzunguka shamba, isiyo na jani hata moja.

Njia ya pili ni makinga maji. Milima yetu ina miteremko mikali, na mvua ya Novemba huangukia ardhi iliyo wazi. Maji yakiteremka bila kuzuiwa huchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Chimba makinga maji kwa kukata mteremko, wala si kwa kuufuata, na juu ya tuta panda majani ya ng’ombe ili yalishike. Udongo uliokwisha kufika mtoni haurudi tena.

Kivuli nacho husaidia, mradi kiwe cha kiasi. Miti kama mruka na mgrivea, ikipandwa mbali mbali, huvunja upepo na jua kali. Migomba katikati ya kahawa ni desturi ya wengi, nayo hutoa chakula na matandazo. Lakini ikisongamana hunywa maji ya kahawa na kuifunga gizani, na mti ulio gizani huchanua kidogo. Utazame mwanga wa saa sita mchana: ukiona madoa ya jua na ya kivuli yamechanganyika juu ya ardhi, kivuli ni cha kiasi.

3. UDONGO NA CHAKULA CHA MTI

Udongo mwekundu wa nchi za mvua nyingi huoshwa chumvi zake mwaka hata mwaka, ukawa mchachu. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH: namba 7 ni katikati, na kadiri namba ishukavyo uchachu huzidi. Kahawa hupenda udongo mchachu kidogo, wa namba 5 mpaka 6 hivi. Ukishuka chini ya 5, chakula cha fosforasi hufungwa katika udongo hata mizizi isiweze kukipata, nayo mizizi yenyewe huwa mifupi kwa sumu ya alumini. Mkulima akiona hivyo huongeza mbolea. Basi ikiwa ni mbolea ya SA, ambayo yenyewe huongeza uchachu, mwaka hata mwaka anazidi kuharibu. Huo ni mfano wazi wa kuongeza ubao upande usiovunjika. Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo, kwa kipimo atakachotaja afisa kilimo baada ya udongo kupimwa. Majivu ya jikoni nayo husaidia kidogo, na yana potasi ndani yake.

Kahawa hula sana naitrojeni na potasi. Ikikosa naitrojeni, majani yake hufifia na kuwa manjano, kuanzia yale ya zamani. Ikikosa potasi, kingo za majani ya zamani huungua kana kwamba zimepitishwa motoni. Samadi iliyooza, debe moja kwa mti kila mwaka, hurudisha sehemu kubwa ya chakula hicho, na pia huufanya udongo uweze kushika maji.

Tena ipo mbolea ambayo wengi huitupa. Katika kilo 100 za matunda mekundu, kilo 40 hivi ni maganda mabichi. Maganda hayo yana potasi nyingi iliyotoka shambani mwako. Yakiachwa kando ya mtambo wa kumenyea huoza, hunuka, na maji yake huchafua kijito cha kunywa. Yakirundikwa pamoja na nyasi na samadi, yakageuzwa mara kwa mara mpaka yawe meusi na ya kumumunyuka, huwa mbolea njema. Auzaye kahawa akatupa na maganda ameuza sehemu ya shamba lake bila bei.

4. TAWI LA MWAKA JANA

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo shamba nyingi zinapopotea.

Kahawa haizai juu ya tawi lolote. Huzaa juu ya sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliotangulia. Sehemu iliyokwisha kuzaa haizai tena vema, na sehemu inayokua sasa itazaa mwakani. Kwa hiyo mtu anayeyatazama matunda ya leo anatazama kazi ya mwaka jana. Na anayetaka kujua mavuno ya mwakani ayatazame machipukizi ya leo. Kama vitawi vipya ni vifupi na vyembamba, mavuno ya mwakani yamekwisha kupungua, hata kama mvua zitakuwa njema.

Kutokana na hayo waweza kufahamu jambo linalowashangaza wengi, yaani mti huzaa sana mwaka mmoja, na mwaka wa pili hauna kitu. Mti wa kahawa haujui kujizuia. Ukichanua sana hujaza matunda yote, hata kama majani hayatoshi kuyalisha. Matunda huvuta chakula kutoka majani, kisha kutoka vitawi, kisha kutoka mizizi. Vitawi vipya havikui, ncha zake hukauka, na mti huonekana kama ulioungua. Mwenye shamba hufurahi mwaka ule, na mwaka unaofuata husema amerogwa. Hakuna aliyemroga, mti wake umekula akiba yake wote.

Dawa ni kuukata kwa kiasi. Acha mashina mawili au matatu tu katika kila mti. Ng’oa machipukizi ya pembeni yakiwa bado mafupi, maana hula bure. Ondoa matawi makavu, yaliyovunjika, yanayogusa ardhi, na yanayopita katikati ya mti, ili jua na upepo viingie. Fanya kazi hiyo mara tu baada ya kuchuma, kabla ya mvua mpya. Wakulima wengi huogopa kukata, wakidhani kila tawi ni fedha. Tawi lisilo na jani zima ni mdeni, wala si fedha.

Mti ukiwa mzee, mrefu, unazaa juu kabisa tu mahali pasipofikiwa na mkono, usiung’oe. Ukate kisiki, sentimeta 30 mpaka 45 kutoka ardhini, kwa msumeno, kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke. Machipukizi yatatoka mengi. Chagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine uyaondoe. Mwaka wa kwanza hutapata kitu, lakini baadaye mti utakuwa kama kijana. Na ili nyumba isikose fedha, usikate shamba lote kwa mara moja. Kata theluthi moja mwaka huu, theluthi ya pili mwakani, na ya tatu mwaka unaofuata.

5. MAGUGU

Mizizi ya kahawa inayokula chakula iko karibu na uso wa ardhi. Magugu nayo hula hapo hapo, hasa sangari, ambayo ni adui mkubwa. Lakini atumiaye jembe kwa nguvu chini ya mti hukata mizizi ya kahawa pamoja na ya magugu, na kazi yake huwa hasara. Palilia kwa juu juu, au fyeka, kisha funika kwa matandazo. Magugu ya mwanzo wa mvua ndiyo yaondolewe kwanza, maana wakati huo ua limekwisha kushika na tunda changa lahitaji chakula.

6. MAGONJWA NA WADUDU

Magonjwa makubwa ya arabika ni mawili. La kwanza ni kutu ya majani. Huonekana kama unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Jani huanguka, na mti uliopukutika hauna cha kulishia matunda. Ugonjwa huu uliingia Ceylon, ambayo sasa yaitwa Sri Lanka, mwaka 1869, ukaiharibu kahawa ya kisiwa kile hata watu wakaiacha wakapanda chai. Msomaji asidhani basi kwamba ugonjwa wa majani ni mdogo kwa sababu haugusi tunda.

La pili ni chulebuni. Ulitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922, na katika Tanzania mwaka 1964. Huo hushika tunda lenyewe lingali changa na la kijani: doa jeusi hubonyea, tunda huoza au hukauka likabaki juu ya tawi. Hupenda mvua, ukungu na baridi, yaani mambo yale yale tunayoyasifu katika milima yetu. Kwa hiyo mkulima wa juu aangalie zaidi kuliko wa chini.

Magonjwa yote mawili huzuiwa kwa dawa ya shaba, inayopulizwa kabla ugonjwa haujaenea, kwa kipimo na wakati atakaotaja afisa kilimo. Lakini dawa inayopulizwa katika mti uliosongamana haiingii ndani. Basi ukataji mwema ni nusu ya dawa.

Wadudu wa kuangaliwa ni hawa. Kunguni wa kahawa, aitwaye antestia, hufyonza machipukizi, maua na matunda. Punje alizozifyonza huwa na mabaka, na husadikiwa kuwa ndiye chanzo cha ladha ya kiazi inayoisumbua kahawa ya Burundi na Rwanda, majirani zetu. Hupenda mti wenye giza. Ukiufungua mti, humfukuza. Ruhuka ni mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda na kuzaa ndani ya punje. Hukaa kutoka msimu hata msimu katika matunda yaliyoachwa mtini na yaliyoanguka. Kwa hiyo baada ya mavuno okota yote, usibakize hata moja. Bungua mweupe hutoboa shina karibu na ardhi, na dalili yake ni unga wa mbao chini ya mti. Sugua shina ili kuondoa magamba mahali anapotaga mayai, na mti uliokwisha kuharibika uukate na kuuchoma.

Hapa twasema na viongozi. Mtu mmoja akiokota matunda yake yote, na jirani yake akayaacha, ruhuka watavuka mpaka bila kuuliza. Siku za watawala wa jadi, ambazo zilikoma mwaka 1963, neno la Mwami na watware wake liliwatoa watu wote kazini kwa siku moja. Leo kazi hiyo ni ya serikali ya kijiji na chama cha msingi. Wakiweka wiki moja ya usafi wa mashamba baada ya mavuno, watapata faida ambayo dawa ya fedha nyingi haitoi.

7. NYUKI

Ua la arabika laweza kujizalisha lenyewe, na kwa sababu hiyo wengi huwadharau nyuki. Lakini watafiti waliochunguza kahawa ya Kilimanjaro, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2014, waliona kwamba maua yaliyotembelewa na nyuki na wadudu wenzao yalitoa matunda mazito zaidi kwa asilimia 7 hivi. Na mahali ambapo ndege na popo waliachwa wakala wadudu waharibifu, maua yaliyoshika matunda yaliongezeka kwa asilimia 9 hivi. Faida hizo ni za bure. Waha ni wafugaji wa nyuki tangu zamani, na asali ya misitu ya Kibondo na Kakonko yajulikana. Tundika mizinga michache karibu na shamba, wala usipulize dawa ya wadudu wakati wa maua.

8. MBEGU

Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1934. Huko ziliteuliwa N39 na KP423, ambazo zimeenea katika mashamba ya zamani. Kinywaji chake ni kizuri, lakini chulebuni huziweza. Tangu mwaka 2001 kazi hiyo imekuwa ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iitwayo TaCRI, nayo kuanzia mwaka 2005 ilitoa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Taasisi hiyo ina kituo chake Mwayaya, wilaya ya Buhigwe, hivyo mtu wa Kasulu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mashauri. Lakini mbegu njema si hirizi. Ikipandwa mahali pabaya na kuachwa na magugu, itatoa robo kilo ile ile.

9. KUCHUMA

Chuma tunda jekundu tu. Tunda la kijani ni jepesi, punje yake haijajaa, na ladha yake huharibu kahawa ya wengine ikichanganywa. Tena lichume kwa vidole, usikokote tawi lote kwa mkono, maana hapo hapo pana macho ya mavuno yajayo.

KUUTAFUTA UBAVU MFUPI

Sasa tutaje kazi ya kufanya. Chagua miti 10 katika shamba lako: mitatu iliyo bora, minne ya kati, mitatu iliyo duni. Funga kila mmoja utepe wenye namba. Katika daftari andika kila mti una mashina mangapi, vitawi vipya vina urefu gani, majani yana rangi gani, ardhi yake imefunikwa au ni wazi, una ugonjwa au mdudu gani. Wakati wa mavuno pima matunda ya kila mti peke yake. Mwisho linganisha. Ukiona miti mitatu iliyo bora yote ina matandazo, na mitatu iliyo duni haina, umekwisha kupata jibu lako bila kumwuliza mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Walimu waweza kulifanya jambo hili pamoja na wanafunzi wao katika shamba la shule au la mzazi aliye karibu. Litawafundisha hesabu, elimu ya mimea na maisha kwa pamoja. Na mkulima atakayeona ubavu wake mfupi aurekebishe huo kwanza, mwaka huu, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mwaka utakaofuata atautafuta mwingine.

MASWALI

1. Mtu ana miti 400, naye amevuna kilo 480 za matunda mekundu. Kila mti umetoa kilo ngapi za matunda? Atapata karibu kilo ngapi za kahawa safi?
2. Kwa nini mti uliozaa kupita kiasi mwaka huu huzaa kidogo mwakani?
3. Taja jambo moja katika shamba la kwenu ambalo ni ubavu mfupi wa mtumbwi. Umelijuaje?
4. Kwa nini kuokota matunda yaliyoanguka ni kazi ya kijiji kizima, wala si ya mtu mmoja?